Ukurasa wa Burudani Hulipiwa Nyumbani

Mhadhara kwa wanafunzi wa uandishi wa habari, Dar es Salaam



Nimeombwa nizungumzie mwandishi wa habari za muziki na nyumba yake. Aliyenialika alinisihi niseme ya moyoni. Ya moyoni nitayagusa kidogo. Leo nataka zaidi tuzungumze ya mfukoni. Katika miaka yangu kwenye dawati la burudani nimeona ndoa za wenzangu zikiyumba, na karibu kila mara watu walisema mapenzi yamekwisha, au pombe, au wanawake wa bendi. Hayo yalikuwepo, sikatai. Lakini chini yake palikuwa na hesabu ambayo hakuna aliyetaka kuipiga. Gazeti lilikuwa linauza ukurasa wa muziki, na sehemu kubwa ya gharama za kuuandaa ilikuwa inatoka kwa mke wa mwandishi, mume wa mwandishi, watoto wake, na mama yake mzazi aliyekuwa akisubiri dawa.

Tuanze na kalenda. Mtu wa kawaida akiona Idd, Krismasi, Mwaka Mpya na Pasaka anashusha pumzi. Mwandishi wa muziki akiiona kalenda hiyo hiyo anaona ratiba ya zamu. Mwezi wa Ramadhani kumbi hupoa, vikundi vya taarabu hujifungia mazoezini kuandaa nyimbo mpya, na anayelipwa kwa stori hana cha kuandika. Mfuko unakauka wakati mwezi wenyewe unadai futari. Mwezi unapoandama tu, mambo yanafumuka: Idd Mosi dansi liko Kinondoni, taarabu iko Magomeni, Idd Pili shughuli inahamia Temeke na Mbagala, nyimbo mpya zinatambulishwa, na mhariri anataka mtu kila ukumbi. Watoto wamevaa nguo mpya, mashemeji wamekuja kula pilau, na baba mwenye nyumba anatazama saa. Mwaka wa kwanza wanacheka naye. Mwaka wa nne mama mkwe anauliza kwa upole, mbele ya watu, hivi hiyo kazi ni ya aina gani.

Na usiku wenyewe hauna adabu. Onyesho limetangazwa saa tatu, linaanza saa nne na nusu, na wimbo uliokwenda kuusikiliza unapigwa saa saba, maana bendi haimalizi karata zake mapema. Unatoka saa nane, saa tisa. Daladala zimelala. Enzi zangu teksi ya kutoka Kinondoni hadi Mbagala ilikula malipo ya stori mbili, nami nilikuwa natoka ukumbini na stori moja. Iliyopungua ilitoka kwenye hela ya matumizi, ile inayoachwa asubuhi chini ya sahani. Siku hizi kuna bodaboda, kuna magari ya kuita kwa simu. Bei imeshuka, hatari imepanda, na anayelipa ni yule yule.

Niwaeleze jambo ambalo wengi wenu hamjalikuta, kwa sababu sasa mambo hayo hufanywa kwa kompyuta. Mwisho wa mwezi mwandishi asiye na ajira ya kudumu alitakiwa athibitishe kilichochapishwa. Ulikusanya magazeti ya mwezi mzima, ukakata stori zako kwa mkasi, ukazibandika kwenye karatasi nyeupe kwa kufuata tarehe, ukaandika pembeni namba ya ukurasa, ukampelekea mhariri asaini, kisha ukaenda kupanga foleni uhasibu. Stori iliyobeba ukurasa ilikuwa na bei yake, fupi ya aya nne ilikuwa na bei yake, picha ilihesabiwa peke yake. Kwangu kazi hiyo ilifanyika mezani baada ya kula, na aliyeshika mkasi ni mama watoto, kwa kuwa mkono wake ulitulia kuliko wangu. Haikupita muda akazijua bei zote. Alikuwa akifungua gazeti la Jumapili, kabla hajasoma chochote, anasema: "Hii wamekukata, wewe ulipeleka ndefu." Jioni moja akashika kipande kidogo, habari ya bendi iliyorudi kutoka ziara ya mikoani, akakigeuza huku na huku. "Baba, hii si ndiyo ile ya siku mtoto ana homa?" Ndiyo yenyewe. Akapaka gundi, akakibandika mahali pake.

Mhasibu wa gazeti alikuwa na kalamu na mhuri. Mhasibu wa kweli alikuwa na mkasi, na hakuna aliyemlipa.

Sasa tuwatazame wanamuziki wenyewe, maana hapa kuna kinaya ambacho huwa hakisemwi. Jamii imezoea kuwaita wahuni, watu wasio na mpango. Lakini mwaka 1964 jumuiya ya wafanyakazi, NUTA, ilipoanzisha bendi yake, wanamuziki wa NUTA Jazz waliwekwa kwenye mshahara wa mwezi. Bendi hiyo ilibadili jina kila jumuiya ilipobadilika, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, hadi tunayoijua leo kama Msondo Ngoma. Mtindo ukaenea. Jeshi likawa na bendi, polisi, umoja wa vijana, shirika la bima. Mlimani Park, iliyoanza 1978, nayo ikaishia mikononi mwa shirika la maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo maana tunaiita DDC Mlimani Park, Sikinde. Mshahara ulikuwa mdogo, vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na mwanamuziki aliyehama aliondoka mikono mitupu. Hata hivyo mkewe alijua mwisho wa mwezi kuna kitu. Mimi niliyekaa meza ya pembeni na kalamu, niliyekuja kuandika habari za huyo mhuni, sikuwa na mwisho wa mwezi. Nilikuwa na vipande vya magazeti.

Walipohama bendi tuliandika kwa herufi kubwa. Fulani aihama Sikinde! Fulani arejea Msondo! Ukimuuliza kwa nini, anakujibu bila kupepesa: maslahi. Tulimwelewa. Lakini mwandishi akiacha dawati la burudani akaenda kuwa ofisa mawasiliano wa benki au shirika la misaada, wenzake humsema pembeni kuwa ameisaliti fani, ameuza kalamu. Mimi simsemi. Mwanamuziki aliyefuata maslahi alikuwa na watoto. Na huyu anao. Wapo niliowaona wakihama hivyo na nyumba zao zikatulia ndani ya mwaka, na bado Jumamosi moja moja wanakwenda ukumbini kwa raha zao, wanakaa na wake zao au waume zao, wanacheza. Ukiniuliza nani anaupenda muziki zaidi kati yake na yule aliyebaki akinuna, nitachelewa kujibu.

Kuna kuhama kwa aina nyingine, na huko sikubaliani nako: kubaki gazetini huku ukiwa msemaji wa bendi chinichini. Naomba mwelewe jinsi inavyoanza, maana haianzi kwa tamaa. Inaanza na ile teksi. Promota anajua gazeti halikupi nauli. Saa nane usiku anakufuata mlangoni, anakukamata mkono kama ndugu, mkononi mna noti. "Ya teksi, kaka." Unapanda, unafika, nyumbani kesho kuna mchele. Jumanne unakaa kuandika. Mwimbaji alikuwa anaghani nje ya ala usiku kucha, besi lilikuwa limelegea, na watu walianza kuondoka saa sita. Unaandika kwamba bendi ilikonga nyoyo za mashabiki. Mmelisoma hilo mara ngapi, kukonga nyoyo? Sehemu kubwa ya hizo nyoyo ilikongwa na teksi.

Kwa hiyo gazeti lisipolipa nauli, atalipa promota au italipa nyumba. Huo ndio ukweli mchungu niliokuja nao. Mwandishi anayekataa bahasha ya promota ndiye ambaye nyumba yake inaumia zaidi. Uadilifu wake tunausifu kwenye semina, tunampigia makofi, halafu ankara tunampelekea mkewe. Mwalimu wa maadili ya uandishi akisema msipokee, nami nasema msipokee. Lakini aseme pia nani atoe.

Nije kwa mabinti, maana naona ninyi ndio wengi humu ndani. Nimefanya kazi na waandishi wa kike wenye masikio makali kuliko sisi wote pale. Wengi wao, wakishaolewa, niliwaona wakihamia kurasa za afya, malezi, elimu. Tulisema wameamua. Mwanamume akirudi saa tisa usiku ni mchapakazi au mlevi, kutegemea anayesimulia. Mwanamke akirudi saa tisa usiku jina lake ni moja tu, na majirani wanalo tayari kabla hajafungua geti. Mume anaweza kuwa mwelewa. Mtaa mzima hauwezi.

Hasara yake imeingia kwenye muziki wenyewe, na hapa nataka tukae kidogo. Chukueni taarabu ya miaka ya 1990, kundi la TOT kwa kundi la Muungano, mwimbaji Khadija Kopa kwa mwimbaji Nasma Khamis, mipasho ikirushwa kama mawe. Ukumbi umejaa akina mama. Wanainuka kwenda kutunza, na noti ya mtunzaji ni barua: huyu anambandika mwimbaji noti huku macho yako kwa mke mwenza aliyekaa safu ya tatu, yule anasubiri ubeti fulani ufike ndipo aende, anatembea polepole, anajua nani anamtazama. Nusu ya wimbo iko jukwaani, nusu iko kwenye viti. Sisi wanaume wa magazeti tulisimama karibu na mlango, tukaandika kwamba wapenzi wa taarabu walifurika na kutunza kwa wingi. Nani alimtunzia nani, kwa kisa gani, hatukujua. Aliyeweza kujua ni dada aliyeketi katikati yao, naye tulishamhamishia ukurasa wa malezi.

Au mwimbaji Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013 Zanzibar akiwa mkongwe wa kupindukia. Magazeti yetu yaliandika umri wake, sigara zake, safari zake za Ulaya. Alikuwa pia mwalimu wa unyago, mwenye ngoma na nyimbo zinazopigwa mahali ambapo mwanamume haingii. Upande huo wa kazi yake ulipita mbele ya madawati yetu bila kuandikwa inavyostahili, kwa sababu wa kuuandika hatukuwa naye. Na msiniambie usiku wa muziki si mahali pa mwanamke. Twanga Pepeta, bendi iliyotikisa mji huu, iliongozwa miaka na miaka na Asha Baraka. Kilichokosekana ni gari la kumrudisha mwandishi nyumbani, na mhariri wa kusema kwamba hilo ni jukumu la ofisi.

Wazee wenzangu waliokaa safu ya mbele hawatalipenda ninalotaka kusema sasa, lakini nimeshazeeka, watanivumilia. Nusu ya usiku tuliokaa huko haikuhitajika.

Bendi hufanya mazoezi mchana, katikati ya juma. Aliyewahi kukaa mazoezini anajua muziki wa dansi unatengenezwa pale. Mwimbaji anakuja na daftari la shule, maneno ameyaandika kwa kalamu ya wino, anayaimba kwa sauti ya chini. Mpiga gitaa la solo anatafuta, anakosea, anarudia. Wa rhythm anaingia chini yake. Wa second solo anasubiri pengo, akilipata analijaza na wimbo ghafla una miguu. Wapiga tumba wanajaribu, wapuliza tarumbeta na saksafoni wananong'onezana watajibu wapi. Mtu anasema "hapana, rudini." Wanagombana. Wanakunywa chai. Wanarudi. Pale Sikinde alikuwepo Michael Enoch, mtu aliyetokea Dar es Salaam Jazz, wanamuziki wakimwita Ticha, na wengine King Enoch. Ukitaka kujua kwa nini wapulizaji wa Sikinde wanasikika vile, jibu lilipatikana mchana, yeye akiwa amesimama na saksafoni shingoni akiwasahihisha wenzake. Usiku ulisikia matokeo tu, tena kupitia spika iliyopasuka.

Saa nane mchana hulipi teksi. Wanamuziki hawajalewa, hawana mashabiki wa kuwavuta mkono, wanakujibu. Saa kumi na mbili uko kwako na stori ambayo hakuna gazeti lingine lililo nayo. Mbona basi sote tulikimbilia usiku? Mhariri alihesabu usiku kuwa kazi na mchana kuwa matembezi. Ukimwambia ulikuwa mazoezini anauliza: "Stori iko wapi?" Na sisi nasi, tuseme kweli, wengine tuliupenda usiku kwa mambo yake. Bia ya meza kuu haina risiti. Wapo waliosema nyumbani "niko kazini" na kazi ilikwisha saa saba, wenyewe wakaondoka saa kumi na moja. Mke anayelalamika kuhusu saa hizo nne hailalamikii fani. Anajua hesabu.

Usiku hauwezi kufutwa kabisa. Wimbo mpya unapotoka kwa mara ya kwanza lazima uone watu wanaupokea vipi, nani anainuka, nani anakaa. Hilo halionekani mazoezini. Lakini hilo ni jambo la usiku mmoja mmoja uliochaguliwa, si kila Ijumaa, kila Jumamosi, na Jumapili kwenye bonanza.

Zama za simu nitazipita haraka, maana ninyi mnazijua kuliko mimi. Redio binafsi zilipoanza miaka ya 1990, Radio One mwaka 1994 na nyingine zikafuata, Bongo Fleva ikapata mlango, na habari ya muziki ikaanza kuhama ukumbini. Leo msanii anaachia wimbo usiku wa manane mtandaoni, na mwandishi yuko kitandani kwake, ubavuni mwa mwenzake, simu inawaka. Zamani mke alisubiri mume arudi. Sasa mume amerudi, ila yuko kwenye simu, na meseji ya saa saba usiku inatoka kwa msanii wa kike. Elezea hiyo. Na kwa kuwa wasomaji wanataka sana habari za mapenzi ya wasanii, mwandishi anashinda akiwauliza watu wazima kwa nini wameachana, kisha anakwenda kwake ambako hajazungumza na mwenzake kwa siku kadhaa.

Wapo waliojiondoa wakafungua chaneli zao wenyewe wawe huru. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilipokuja na leseni, ada za kuanzia zilifika jumla ya shilingi milioni 2.1. Mwandishi anayelipwa kwa stori anazitoa wapi? Namjua ambaye mkewe alikopa kwenye kikoba. Chaneli ikasimama, jina la mwandishi likakua, na kila Jumamosi ni mama aliyekwenda kwenye kikao cha kikoba kurejesha.

Sasa tutazame ugomvi unapofika mahali pa wazee kuitwa. Mnaijua shughuli: wajomba, mashangazi, mshenga aliyekwenda kuposa. Huyo mshenga siku ya posa alisema kijana anafanya kazi gazetini, wakweze wakatabasamu, usiku hakuutaja. Wazee wanasikiliza pande mbili, wanakohoa, kisha hukumu ni moja kati ya mbili. Mume aache kazi hiyo ya kihuni, au mke avumilie kwa kuwa ndoa ni kuvumilia. Nimekaa kwenye vikao hivyo, vingine nikiwa mjomba. Sijawahi kuona mhariri akiitwa, wakati saa za kurudi anazipanga yeye na nauli anaizuia yeye. Wanandoa wanasuluhishwa juu ya jambo ambalo nusu yake iko mezani kwa mtu wa tatu, naye usiku huo amelala.

Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamtaka mwenye chombo cha habari awawekee wafanyakazi wake bima na hifadhi ya jamii. Ni jambo jema. Ila anayelipwa kwa stori hayumo kwenye orodha ya wafanyakazi, kwa hiyo kadi ya hospitali ya mtoto wake inatoka tena pale pale inapotoka nauli.

Mtakapoitwa kazini, na wengine mtaitwa karibuni, msianze na kiasi cha malipo ya stori. Ulizeni nani anamrudisha mwandishi usiku, kwa gari gani, na pesa inatoka kabla au baada. Ulizeni kama mchana wa mazoezini unahesabiwa kazi. Ulizeni zamu za sikukuu zinagawanywaje, na kama aliyekwenda Idd atapumzika Krismasi au mwenye kwenda atakuwa ni yule yule asiye na mkataba. Andikeni majibu. Kisha, kabla hamjasaini, nendeni nayo kwa mtu mnayeishi naye au mnayetarajia kuishi naye, mkae mpige hesabu pamoja, usiku mmoja kwa bei zake zote, teksi, chakula, simu, usingizi wa kesho yake. Akisema hailipi, msikilizeni kwa makini, maana yeye ndiye atakayechangia. Na mhariri akiwaambia mambo ya nauli mtayazungumza mbele ya safari, mwombeni aandike sentensi hiyo kwenye mkataba, aweke na sahihi yake.

Naona mikono mingi. Tuanze na dada wa dirishani.